Anayemshika sungura ndiye asiyefundishwa: tuzungumze mafunzo ya wahudumu wa wanyama wa maabara

Mlinda_Vizimba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na sijaona likizungumzwa kwa Kiswahili na watu wanaolifanya kwa mikono yao.

Mimi ni mhudumu wa wanyama wa maabara, mwaka wa 14 sasa. Niko Pwani, kwenye kituo cha utafiti wa mbu ambacho sitakitaja jina. Nina sungura, simbilisi na panya weupe. Nikimwambia mtu natunza sungura, anadhani nafuga kitoweo.

Siku ya kwanza kazini nilipewa gambuti, ufagio na funguo. Nikaambiwa walishe asubuhi, badilisha maranda, jaza maji, Jumamosi mtapokezana na mwenzako. Mafunzo yaliishia hapo. Wiki ya tatu nikatumwa kumtoa sungura kizimbani nimpeleke chumba cha pili. Nikamshika kama nilivyozoea kuona sokoni: masikio na ngozi ya shingo, miguu ya nyuma inaning'inia. Akarusha teke moja. Nikasikia kitu kama kijiti kikavu kinakatika. Nilipomweka chini akataka kwenda, mbele inatembea, nyuma inaburuta.

Sungura ana misuli mikubwa sana ya miguu ya nyuma, na mifupa yake ni myepesi. Teke lake mwenyewe likikosa pa kukanyaga linamvunja uti wa mgongo pale kiunoni. Hilo mtu aliyesomea angenieleza kwa dakika mbili. Nilikaa naye kwenye sakafu ya saruji tangu saa tatu mpaka daktari wa mifugo alipofika saa sita kumpumzisha milele. Nilikuwa nimemfunika kwa koti langu la kazi, na masikio yake yalikuwa yamepoa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwenye vituo vingi, mafunzo ya ustawi wa wanyama anapewa mtafiti. Ndiye anayejaza fomu ya kamati ya maadili, ndiye mwenye cheti. Lakini mnyama anashinda na kulala na mhudumu. Sikukuu niko naye mimi. Umeme ukikatika saa nane usiku ni mimi nabeba chupa za maji yaliyogandishwa kuwawekea sungura vizimbani walale ubavuni mwa chupa hizo. Na mhudumu mara nyingi ni kibarua wa mkataba wa miezi mitatu. Akianza kuelewa, mkataba umekwisha, anakuja mwingine na ufagio wake.

Nitoe mfano mmoja ninaoujua vizuri. Waliowahi kupima vyandarua wanalijua jaribio la handaki. Ni sanduku refu la kioo, urefu sentimita 60, upana na kimo 25 kwa 25. Kwenye theluthi ya njia kunawekwa kipande cha chandarua kilichotobolewa matundu tisa, kila tundu sentimita moja. Upande mfupi anakaa mnyama wa chambo, kwetu ni sungura. Upande mrefu wanaachiwa mbu majike 100 wenye njaa. Wanafunguliwa saa 12 jioni, wanahesabiwa saa 3 asubuhi: wangapi wamepita, wangapi wameshiba, wangapi wamekufa. Sungura yuko humo saa 15, ameshikizwa asijigeuze, amenyolewa manyoya mahali pamoja ili mbu waifikie ngozi.

Sasa tazameni. Chumba kinatakiwa kiwe nyuzi 27 na unyevu asilimia 80, kwa kuwa ndivyo mbu wanavyotaka. Mwongozo wa Marekani wa matunzo ya wanyama wa maabara, ambao maabara nyingi duniani zinaufuata, toleo la 8 la mwaka 2011, unamtakia sungura nyuzi 16 hadi 22. Sungura hatoki jasho la kumpoza. Joto lake linatokea masikioni. Tena kila siku ana saa zake za kula kile choo chake laini, anakichukua kwa mdomo kinapotoka, maana kina protini na vitamini anazozihitaji. Aliyeshikizwa hawezi kujikunja akifikie. Kwa hiyo usiku mmoja wa handaki ni joto, kuumwa na mbu, na tumbo kukosa riziki yake.

Kwa miaka mitano nilikuwa nawaingiza humo bila kuyajua haya. Niliona tu kwamba asubuhi wengine hawali. Nikadhani ni uchovu.

Halafu akaja mama mmoja, daktari wa mifugo, akatufundisha wahudumu wanne kwa wiki mbili. Siku mbili za mwanzo hatukumgusa mnyama. Alifunga kilo tatu za mchele kwenye taulo, tukawa tunazibeba kutoka meza hii hadi ile: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umeshika makalio, kichwa kimefichwa kwenye kiwiko. Ukiacha makalio yaning'inie, anakuita urudi mwanzo. Mwenzetu mmoja alicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu aliposhika sungura mwenye uhai na yule sungura akatulia mkononi mwake, alinyamaza kabisa.

Tangu hapo kwetu sungura anazoezwa kisanduku mchana, siku kadhaa kabla ya usiku wake, tena akiwa na majani anayoyapenda. Anapimwa uzito kabla na baada. Akitoka anapumzika wiki mbili. Usiku tunapokezana kumwangalia kwa taa nyekundu, tunahesabu pumzi, na tukiona anahema mdomo wazi anatolewa, jaribio life. Na tunahesabu choo. Vidonge vikiwa vidogo kuliko kawaida, au tangu asubuhi hakuna kitu, anaitwa daktari siku hiyo hiyo bila kungoja kesho.

Naomba wanaofanya kazi hii waseme kwao ikoje. Nani alikufundisha kushika? Ulipimwa na nani kabla ya kuachiwa peke yako?

---

Mwananchi_Halisi

Mkuu pole kwa yaliyokukuta, lakini niseme ukweli. Mama zetu wanalala wawili kitanda kimoja wodini, wewe unataka sungura awe na daktari, mzani na taa nyekundu. Kama anasaidia kupata dawa, atumike. Pesa hizo ziende kwa watu.

---

Mlinda_Vizimba

Mkuu Mwananchi_Halisi, nakuelewa, na mama yangu pia amelazwa hivyo. Ila sijaomba pesa za wodi. Mchele kilo tatu na taulo tulikuwa navyo, na tulipomaliza tuliupika.

Nikujibu na kwa upande wa watu. Kuna dawa ya vyandarua inaitwa klofenapiri. Haimuui vizuri mbu aliyetulia. Mbu lazima awe anaruka, mwili wake unafanya kazi, ndipo dawa igeuke sumu ndani yake. Ukimbana kwenye koni ya plastiki dakika tatu kama tunavyopima dawa za kawaida, utaandika kwamba haifai. Handaki ndilo linaloonyesha kazi yake, kwa sababu mbu anahangaika usiku kucha kutafuta damu. Vyandarua vyenye dawa hiyo pamoja na ya kawaida vilijaribiwa Misungwi, mkoani Mwanza, matokeo yakatoka 2022, na malaria ilipungua kwa watoto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Yule sungura yumo kwenye safari hiyo.

Lakini handaki lina masharti. Kwenye chandarua kisicho na dawa, ambacho ndicho cha kulinganishia, zaidi ya nusu ya mbu lazima washibe. Wasipofika, usiku ule umepotea, unarudia. Sungura anayepapatika usiku kucha hawaachi mbu wanywe. Kwa hiyo aliyemweka vibaya amepoteza mbu, amepoteza usiku, na ataingiza sungura mwingine. Nimeona jaribio moja likirudiwa mara tatu kwa sababu ya namna mnyama alivyofungwa.

---

DaktariWaMifugo_Moro

Naunga mkono, na niongeze kidogo kutoka upande wa panya.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Liverpool, Jane Hurst na Rebecca West, walitoa utafiti uliobadilisha namna tunavyofundisha. Walilinganisha panya wadogo wanaonyanyuliwa kwa mkia na wale wanaoingia wenyewe kwenye kibomba au kuchotwa kwa viganja viwili. Wa mkia walikwepa mkono, walikojoa na kunya waliposhikwa, na kwenye vipimo vya woga walionekana waoga. Wa kibomba walikuja wenyewe kuunusa mkono. Fikiria basi tasnifu ngapi zimepima "athari za dawa kwenye wasiwasi" ilhali wasiwasi wenyewe umeletwa na mkono wa mwanafunzi.

Mwaka huo huo, maabara ya Jeffrey Mogil kule Montreal ikatoa kipimo cha maumivu cha uso wa panya. Unaangalia mambo matano: macho kufinywa, pua kuvimba, mashavu kuvimba, masikio kurudi nyuma na kufunguka kando, na sharubu kubadilika mkao. Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2. Nimewafundisha wahudumu waliomaliza darasa la saba wakakishika kwa siku moja, tena wakawapita wanafunzi wangu, kwa sababu wao wanajua uso wa panya wao akiwa mzima.

Kuhusu sheria: Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, na ndiyo iliyoweka baraza la kushauri kuhusu mambo haya. Na duniani kote watu wanarudi kwenye kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959: badala ya mnyama tumia njia nyingine ukiweza, punguza idadi, boresha namna ya kumtendea ili asiumie. Msidhani wenzetu wamemaliza kazi. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama, ya mwaka 1966, mpaka leo haiwahesabu panya wanaozalishwa kwa ajili ya utafiti, wakati ndio wengi kuliko wote.

Ninaloliona baya zaidi kwa wanafunzi wetu ni lile la kupima sumu ya mitishamba. Bado kuna anayepewa panya wengi, anawagawa mafungu, anawapa dozi za kupanda mpaka nusu wafe, ili aandike namba moja kwenye jedwali. Kipimo hicho cha zamani, OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya vipimo hivi, lilikifuta kwenye miongozo yake mwaka 2002. Njia zilizochukua nafasi yake zinatumia wanyama watatu kwa hatua, au mmoja baada ya mwingine, na unasimama mapema. Msimamizi anayemruhusu mwanafunzi kutumia ile ya zamani hana udhuru.

Na kwa wanaouliza kama panya anaweza kumwamini binadamu: njooni Morogoro muwaone panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu na kifua kikuu. Wanazoeshwa mikono ya watu tangu wadogo, kabla ya kufundishwa harufu yoyote. Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa huku kwetu.

---

Mwanafunzi_MwakaWa3

Shikamooni. Mimi ndiye huyo wa mitishamba 😔. Wiki ijayo naanza kuwapa panya wadogo dawa kwa mrija mdomoni, siku 14 mfululizo. Nimeonyeshwa mara moja kwa video. Msaidizi wa maabara alisema "utazoea." Naogopa sana. Naomba mnielekeze, nashikaje, na nitajuaje kama nimekosea?

---

Mlinda_Vizimba

Marahaba mdogo wangu. Kuogopa kwako kunamfaa panya, usikuondoe haraka. Nitakueleza kama nilivyoelezwa.

Siku tatu za kwanza usiwape dawa. Weka kibomba cha karatasi ngumu kizimbani, kile cha katikati ya karatasi ya chooni kinatosha, walale humo, wakitafune. Ukitaka kumtoa panya, msogezee kibomba mpaka aingie, ziba pande zote mbili kwa viganja, nyanyua. Asipoingia, mchote kwa viganja viwili kama unavyochota mtama. Usimkimbize kona hadi kona. Ukiona unamkimbiza, toa mkono, funga, ngoja dakika mbili, anza tena. Na usijipulizie manukato siku hiyo, wala usitoke kumshika panya dume mkali ukaenda kwa majike kwa glovu zile zile.

Kushika kwa ajili ya mrija ni kitu kingine, maana pale kichwa lazima kitulie. Mweke juu ya kifuniko cha waya ashike kwa mikono yake ya mbele. Atavuta kwenda mbele, na hapo ndipo unapokusanya ngozi ya nyuma ya shingo, kutoka sikio hadi sikio, kwa kidole gumba na cha shahada. Ngozi nyingi. Wanaoanza wanachukua kidogo kwa kumhurumia, panya anageuza kichwa anawauma, wanamtupa. Lakini usibane mpaka macho yamtoke au midomo ibadilike rangi. Midomo ikiwa ya bluu, achia hapo hapo.

Mrija: tumia ile sindano butu yenye kishanga mwishoni. Ipime nje ya mwili, kutoka ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, tia alama kwa kalamu. Nyoosha kichwa na shingo viwe mstari mmoja na mgongo. Ingiza kando ya mdomo, pitisha juu ya ulimi, na ngoja ameze. Inashuka yenyewe kwa uzito wake. Usisukume. Ikigoma, toa, anza upya. Ukisukuma unatoboa koo au unaingia mapafuni. Akikohoa, akipapatika ghafla, au ukaona maji yanatokea puani, umeingia njia ya hewa: toa, usimalizie dozi, mweke peke yake penye joto na umwite msimamizi. Kiasi kisizidi mililita 10 kwa kilo ya uzito, maana yake panya wa gramu 25 anapata robo mililita tu. Watu wanamjaza nusu mililita halafu wanashangaa amekufa, na kifo kinaandikiwa mmea.

Anza kwa maji matupu, mbele ya mtu anayejua. Usikubali kuachwa peke yako mpaka huyo mtu akuone ukifanya kumi bila kosa. Mwambie hivyo kwa heshima. Akikataa, mwambie tena.

---

Mtaa_wa_Ngara

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nilifanya kazi na nyani miaka sita hivi, siku hizi niko upande wa ofisi. Kwetu Kenya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inataka leseni kwa majaribio ya wanyama, kwa hivyo karatasi ziko. Shida ni ile mwanzisha uzi amesema.

Nyani walikuwa wanadungwa sindano kwa kizimba cha kubana. Unavuta ukuta wa nyuma, anasukumwa hadi mbele, hawezi kusonga, unadunga. Kelele zake zilikuwa zinafanya kundi lote lipige makelele, na siku hiyo hakuna anayekula vizuri. Mwenzangu mmoja, mzee wa kazi, hakuwa na cheti chochote, alianza kukaa hapo nje na njugu karanga. Nyani akigusa waya kwa bega, anapata njugu. Akikaa na bega hapo, njugu. Kisha akaguswa na kijiti, njugu. Kisha sindano bila dawa. Ilichukua kama wiki saba. Mwishowe yule nyani jike akimwona tu na ile bakuli, anakuja mwenyewe, anageuza bega na kulibandika kwa waya, anaangalia pembeni mpaka amalize.

Nilipoenda semina baadaye nikaambiwa hiyo ni mbinu inayofundishwa kote duniani na ina jina lake. Mzee alikuwa ameifikia kwa kuangalia tu. Alistaafu bila mtu kuandika chochote kumhusu kwa ripoti, na hiyo bado inaniuma.

---

Mzee_wa_Pangani

Wanangu, mimi si mtu wa maabara. Nilikuwa mchinjaji.

Sisi tulifundishwa dini kabla ya kupewa kisu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Na akatukataza kumnolea kisu mbele ya macho yake. Na habari za yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie, zinajulikana mpaka na watoto wa madrasa.

Nauliza: hao panya wakimaliza kazi mnawamaliza vipi? Maana sijaona mmoja wenu aliyesema.

---

DaktariWaMifugo_Moro

Shikamoo mzee. Umeuliza swali tunalolikwepa.

Njia inayotumika sana kwa panya ni gesi ya kaboni dayoksaidi. Ikifanywa vizuri, mnyama anazimika polepole. Mwongozo wa madaktari wa mifugo wa Marekani wa mwaka 2020 unataka gesi iingie kwa kasi ya asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa sanduku kwa dakika. Kujaza sanduku kwanza halafu kumtumbukiza mnyama ni kosa, anapata maumivu makali puani na machoni akiwa na fahamu zake zote. Mtungi lazima uwe na kipimo cha mtiririko, kukadiria kwa sikio hakukubaliki. Baada ya hapo unahakikisha amekufa kweli, kwa njia ya pili, kabla ya kumtupa. Nimewahi kuitwa mahali panya aliamka ndani ya mfuko wa taka.

Na jambo la pili ni la kabla ya mwisho. Kila mradi uandike tangu mwanzo: mnyama akifika hali gani, hatuendelei. Wengi wanaweka kupungua uzito kwa asilimia 20, lakini uzito peke yake unachelewa kusema. Manyoya yaliyosimama, mgongo uliojikunja, kutojenga kiota, hayo mhudumu anayaona siku mbili kabla ya mzani. Swali ni kama mhudumu ana ruhusa ya kusema "huyu basi" na akasikilizwa.

---

Mlinda_Vizimba

Shikamoo mzee wangu wa Pangani. Hilo la kutomnolea kisu mbele yake sisi tunalifanya bila kujua limetoka wapi. Panya wa pili hamwoni wa kwanza akimalizwa, na sanduku linaoshwa na kukaushwa kabla ya zamu yake, harufu ya woga isimkute. Mwanzoni tuliambiwa tunapoteza muda.

Na niseme lingine. Anayewamaliza ni yule yule aliyewalisha asubuhi. Nimekuwa na siku ambazo nikifika nyumbani siwezi kula. Mafunzo yoyote yasiyozungumzia hilo hayajakamilika, kwa sababu mtu asiyepewa pa kuliweka hujifanya mgumu, na akishakuwa mgumu, mikono yake nayo inakuwa migumu.

---

Ughaibuni_Kaskazini

Naandika kutoka Uingereza, nasoma shahada ya uzamivu, natumia panya. Huku sheria ya kwanza ya majaribio ya wanyama ilikuwa ya 1876, inayotumika sasa ni ya 1986. Kuna leseni tatu: ya mtu, ya mradi na ya taasisi. Nilisoma, nikafanya mtihani, ndipo nikaomba leseni yangu. Hata nilipoipata sikuachwa. Kila kitendo nilikifanya chini ya jicho la mtu mpaka akasaini kwamba nakiweza. Sindano ya tumboni alinikatalia mara mbili.

Lakini kitu ambacho ningependa kije nyumbani ni kingine. Sheria inalazimisha kila taasisi iwe na mtu aliyetajwa rasmi kwa jina kuwa msimamizi wa matunzo na ustawi wa kila siku, pamoja na daktari wa mifugo aliyetajwa vilevile. Huyu msimamizi kwetu ni mama aliyeanza kwa kuosha vizimba. Hana shahada. Profesa wangu anamwogopa. Mwezi uliopita alinisimamisha mlangoni, akasema panya wa kizimba cha saba hawajajenga kiota usiku, usiwaguse leo. Profesa alikuwa na ratiba. Hawakuguswa.

---

Mlinda_Vizimba

Ughaibuni_Kaskazini, umeniandikia nilichokuwa natafuta maneno yake. Hicho ndicho kiwango ninachokitaka. Vizimba vya kisasa vina faida yake, na viyoyozi, na fomu. Lakini kituo ambacho mhudumu hawezi kumwambia mtafiti "leo hapana" na ikawa hapana, mimi sikiiti chenye viwango hata kama kina vyeti ukuta mzima.

Kwa hapa kwetu inaweza kuanza kesho bila sheria mpya. Kamati ya maadili iweke mhudumu mmoja mezani kama mjumbe kamili, asiwe wa kuleta chai. Kwenye fomu ya mradi kuwe na mstari: nani atamshika mnyama, amefundishwa na nani, amepimwa lini. Jina la mtu liandikwe, "wafanyakazi wa banda" haitoshi. Na mkataba wake usiwe mfupi kuliko maisha ya wanyama anaowatunza.

---

Mwananchi_Halisi

Nimesoma uzi wote tangu jana. Lile la taulo na mchele nimelielewa. Sina la kubisha hapo.

---

Mwanafunzi_MwakaWa3

Wakuu nimerudi. Imepita wiki na siku kadhaa.

Nilienda kwa msimamizi na maneno ya Mlinda_Vizimba nikiwa nimeyaandika kwenye daftari. Alinyamaza kidogo, akaniitia mhudumu wa banda, baba mmoja mtu mzima ambaye hata jina lake sikulijua na nilikuwa napishana naye koridoni kila siku. Akanisimamia siku tatu. Tuliweka vibomba. Siku ya pili hakuna aliyeingia. Siku ya tatu, nilipoweka mkono tu kizimbani, jike mmoja mwenye kovu sikioni alikuja akapanda kiganjani akakaa anajisafisha uso. Nilibaki nimeinama hivyo hivyo mpaka mgongo ukauma, sikutaka kumtikisa.

Nilifanya kumi kwa maji mbele ya yule baba. Wa sita alikohoa, nikatoa mrija, nikasimama. Akanikagulia, akasema hakuna kilichoingia, rudi wa sita kesho. Leo ni siku ya nne ya dawa, hajafa hata mmoja. Na msimamizi amekubali nibadilishe kile kipimo cha sumu, nitumie cha wanyama watatu kwa hatua. Nilikuwa nimeombewa panya 60, sasa nimeandika upya maombi.

Swali langu: yule wa kovu tangu jana anakula kidogo, macho yake mazuri, ila maranda ya upande wake hayajachimbwa. Nimpe dozi kesho?

---

Mlinda_Vizimba

Usimpe bado. Kesho fika mapema kabla taa hazijawaka na watu hawajaingia, simama mbali na kizimba, mtazame dakika tano bila kugusa kitu. Angalia kama anatembea na wenzake au amejitenga kona, angalia manyoya yamelala au yamesimama, angalia macho na masikio kama Daktari alivyoeleza. Halafu mpime uzito, ulinganishe na wa siku ya kwanza. Mwite yule baba atazame naye, na usimwambie wewe umeona nini mpaka yeye aseme kwanza.

Kisha njoo uandike hapa mlichokiona.